NCOER (ripoti ya tathmini ya sajenti) au OER (ya ofisa) yako ina kosa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu rufaa ya tathmini katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani

Tuko wengi jeshini Marekani tuliotoka Kenya, Tanzania, Kongo na kambi za wakimbizi. Baadhi yetu tuliingia kwa MAVNI, mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi uliohitajika jeshini, ulioanza mwaka 2009, ambao ulikihesabu Kiswahili miongoni mwa lugha zilizotakiwa. Tukipigiana simu usiku, zikishaisha habari za nyumbani na bei ya tiketi, kuna swali ambalo halikosi: "Wameniandikia vibaya. Nifanyeje?"

Nimekaa ofisi ya S1, ile ya utumishi ya kikosi, miaka ya kutosha kuona rufaa zikishinda, na nyingi zaidi zikigonga mwamba. Zilizogonga mwamba karibu zote zilikuwa na ugonjwa mmoja: mwenyewe alieleza jinsi alivyoumia, hakuonyesha kilichoandikwa kwa kosa. Majibu yafuatayo yanafuata kanuni ya AR 623-3, ambayo ndiyo inayotawala tathmini za jeshi hili. Kabla hujatuma chochote, soma toleo linalotumika sasa, hasa sura ya nne.

Nimeshatia saini ripoti. Si nimekubali?

Hapana. Hili ndilo linalowatia watu hofu bila sababu. Saini yako inathibitisha kwamba umeiona ripoti iliyokamilika na kwamba taarifa za kawaida ziko sawa: jina, cheo, tarehe za kuanza na kumaliza kipindi, majina ya waliokutathmini, maelezo ya kazi yako, urefu na uzito. Haisemi kwamba unakubaliana na walichoandika juu yako.

Ila saini ina makali yake upande wa pili. Ukitia saini bila kusoma, kisha mwaka unaofuata ukasema tarehe zilikuwa na makosa, utaulizwa kwa nini ulizithibitisha. Kwa hiyo soma kwanza. Ikiwa ni saa kumi na moja jioni na sajenti anataka saini "ili ripoti iende leo", mwombe dakika kumi ukae nayo peke yako.

Ofisa akiandika maoni yake kwenye ripoti mbaya aliyorudishiwa, hiyo ni rufaa?

Siyo. Maoni yanaambatanishwa na ripoti na yanakaa nayo, lakini hakuna bodi inayoyachukua kama ombi la kusahihisha. Rufaa ni karatasi nyingine, na inakwenda kwingine.

Kwenye alama za mwisho nimewekwa kisanduku cha pili badala ya cha kwanza. Nikate rufaa?

Kwa kawaida, hapana. Mtathmini mkuu, yule aliye juu ya mtathmini wa kwanza, amewekewa mpaka: kwenye OER lazima wale anaowapa kisanduku cha juu kabisa wabaki chini ya asilimia 50 ya maofisa wa cheo hicho aliowatathmini. Kwa NCO, yaani masajenti, mpaka ni mkali zaidi, asilimia 24. Maana yake kuna watu wazuri wanaoangukia kisanduku cha pili kwa hesabu tu, na bodi inalijua hilo. Kusema "nilistahili cha kwanza" hakuonyeshi kosa. Kunaonyesha kwamba wewe na yeye mna maoni tofauti, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwa na maoni.

Kosa la kiutawala na kosa la maudhui yanatofautianaje?

Hapa ndipo penye uti wa mgongo wa jambo lote, kwa hiyo tukae kidogo.

Kosa la kiutawala ni lile ambalo karatasi nyingine inaweza kulimaliza bila ubishi. Aliyekutathmini siye aliyetajwa kwenye orodha rasmi ya watathmini. Kipindi kimeandikwa vibaya. Urefu na uzito si wako. Au mtathmini hakukaa nawe muda unaotakiwa, yaani siku 90 kwa mtathmini wa kwanza na siku 60 kwa mtathmini mkuu.

Mfano wa hilo la mwisho, maana watu hulipita bila kuliona. Mtathmini mpya ameshika nafasi tarehe 10 Machi. Ripoti imefungwa tarehe 31 Mei. Chukua kalenda uhesabu: Machi siku 22, Aprili 30, Mei 31. Jumla 83. Hajafikisha 90, tena hapo bado hujatoa siku ambazo wewe mwenyewe hukuwepo. Maneno aliyoandika yanaweza kuwa ya kweli neno kwa neno, lakini hakuwa na haki ya kuyaandika.

Kosa la maudhui ni lile la "walichosema si kweli" au "walichosema si haki". Umeambiwa ulishindwa kazi ambayo hukupewa. Umepimwa kwa chuki. Umeandikiwa habari za uchunguzi ambao ulikuwa haujaisha, jambo ambalo kanuni inalikataza. Hapa karatasi peke yake ni nadra kutosha. Unahitaji watu walioona.

Angalizo moja kuhusu makosa ya kiutawala: usidhani kwamba tarehe moja iliyokosewa itaangusha ripoti nzima. Kosa dogo linasahihishwa na ripoti inabaki. Ripoti huondolewa kwa sababu za kiutawala pale tu ambapo kosa haliwezi kurekebishwa na kuiacha kungekuwa dhuluma iliyo wazi.

Nina muda gani?

Kwa kosa la maudhui, miaka 3 kuanzia tarehe ya mwisho ya kipindi cha ripoti. Hesabu inaanzia hapo, hata kama ripoti uliiona baadaye. Kosa la kiutawala linaweza kupokelewa hata baada ya hapo. Ukichelewa kwenye maudhui, njia inayobaki ni ABCMR, bodi ya kusahihisha kumbukumbu, ambayo tutaifikia.

Lakini miaka 3 ni mtego. Aliyeona tukio leo, kesho kutwa amehamishiwa Korea, mwaka ujao ameacha jeshi na amebadilisha namba ya simu. Anza kukusanya wiki ile ile.

Kabla ya rufaa, kuna hatua nyingine?

Ipo: kumwomba kamanda afanye uchunguzi wa ripoti. Ikiwa kamanda wako ni mmoja wa waliokutathmini, ombi linapanda kwa kamanda wa juu yake. Anachoangalia ni kama sheria zilifuatwa na kama kuna jambo lililo kinyume na ukweli. Hana ruhusa ya kumlazimisha mtathmini abadilishe alama, na wengi huvunjika moyo wakilisikia hilo.

Usivunjike. Faida ya uchunguzi ni kwamba unazaa maandishi. Watu wanahojiwa wakiwa bado wapo, kumbukumbu ikiwa bado ya moto, na matokeo unaweza kuyaambatanisha na rufaa. Muda wake wa kuomba ni mfupi kuliko ule wa rufaa, kwa hiyo nenda mapema. Si lazima uanze huku ndipo ukate rufaa, lakini mimi humshauri kila mtu aanzie huku.

Hakuwahi hata siku moja kunikalisha chini na kunishauri. Hilo linatosha?

Peke yake halitoshi, na kanuni inasema hivyo waziwazi. Mtathmini alipaswa kukaa nawe mwanzoni mwa kipindi na kuendelea kukushauri baadaye, lakini kutofanya hivyo hakufuti ripoti. Litaje kama sehemu ya picha: hukuwahi kuonywa, kisha ghafla unaambiwa umeshindwa mwaka mzima. Likisimama pamoja na ushahidi mwingine lina uzito.

Nikisema alinibagua kwa sababu ya lafudhi yangu au nilikotoka?

Sema, ikiwa ndivyo ilivyokuwa, lakini usiliache neno hilo likining'inia peke yake. Bodi inasoma madai ya chuki kila siku. Inachouliza ni: alisema nini, lini, mbele ya nani, na kimeonekanaje kwenye ripoti?

Lafudhi ni mfano mzuri kwa sababu mara nyingi hujificha. Ripoti haitasema "ana lafudhi". Itasema una shida ya kuwasiliana. Sasa rudi nyuma utafute: nani aliendesha mafunzo ya redio ya kikosi mwaka ule? Nani alitoa taarifa ya asubuhi mbele ya kamanda wa batalioni? Ikiwa ni wewe, na kuna ratiba ya mafunzo yenye jina lako, na kuna kapteni aliyekuwepo ambaye yuko tayari kuandika kwamba alikuelewa vizuri, hapo umelijibu dai lenyewe. Na kama uliwasilisha malalamiko ya ubaguzi kwa ofisi ya usawa na yakathibitishwa, matokeo yake ni ushahidi mzito kuliko barua yoyote ya rafiki.

Ushahidi gani una uzito, na upi hauna?

Anza kwa kuelewa unapigana na nini. Ripoti ikishaingia kwenye faili lako, inachukuliwa kuwa imeandaliwa sawasawa, na watu sahihi, na kwamba ndiyo ilikuwa fikra yao ya dhati wakati ule. Mzigo wa kuonyesha vingine ni wako, na lazima uonyeshe kwa uwazi na kwa nguvu ya kushawishi. Kuonyesha kwamba "huenda" walikosea hakutoshi.

Kwa kosa la kiutawala: orodha rasmi ya watathmini wa kikosi ya kipindi hicho, amri za uhamisho na safari, kumbukumbu za likizo na kulazwa hospitali, kadi ya mtihani wa mazoezi ya mwili. Orodha ya watathmini iombe S1 kwa maandishi. Nimeona watu wakiambiwa kwa mdomo "haipo", kisha ombi la maandishi likaifanya ipatikane ndani ya siku mbili.

Kwa maudhui: maelezo ya watu wengine, yaani si wewe na si waliokutathmini, ambao walikuwa mahali pa kukuona ukifanya kazi katika kipindi kile. Kipindi kile. Barua ya kanali aliyekusifu ukiwa kituo kingine miaka miwili kabla ni nzuri ya kumwonyesha mama, lakini bodi itaiweka pembeni. Vivyo hivyo nishani uliyopata baadaye, na ripoti nzuri iliyofuata. Mtu anaweza kufanya vibaya mwaka mmoja na vizuri mwaka mwingine. Bodi inapima huo mmoja.

Cheo cha shahidi nacho si kila kitu. Sajenti aliyelala hema moja na wewe mazoezini kwa wiki tatu anaweza kuwa shahidi bora kuliko meja aliyekuona mara mbili. Kila maelezo yawe na tarehe, saini, cheo, nafasi aliyokuwa nayo wakati huo na namna ya kumpata. Na ahadhari na lile kosa letu la upole: kumwandikia shahidi barua, kisha kumpa atie saini. Barua nne zenye sentensi zinazofanana zinajulikana mara moja.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Weka nakala zako nyumbani, usitegemee kompyuta ya ofisi.

Mtathmini wangu amekiri alikosea na ameniandikia barua. Si imekwisha?

Inategemea barua inasema nini. Ikisema "nimefikiri tena, nilikuwa mkali", haina nguvu. Mtathmini kusema hakukusudia alama aliyotoa si sababu ya kutosha ya kuibadilisha. Ikisema "niliandika kwamba alikosa mazoezi ya Agosti, nimegundua alikuwa amelazwa, na nakala ya hospitali hii hapa", hiyo ni barua ya ukweli mpya na ni dhahabu. Kwa hiyo ukimwomba barua, usimwombe msamaha. Mwombe ukweli gani alikuwa hana alipoandika.

Barua ya rufaa inaandikwaje?

Kwa Kiingereza, kwa muundo wa kawaida wa barua za jeshi, fupi kadiri uwezavyo. Taja ripoti kwa kipindi chake, sema kama unadai kosa la kiutawala, la maudhui, au yote mawili, kisha nenda sehemu kwa sehemu: ripoti inasema nini, ukweli ni upi, kiambatisho kipi kinaonyesha, unaomba nini.

Hii ni aina ya aya niliyoisoma mara nyingi mno:

"Ripoti hii si ya haki. Nilifanya kazi kwa bidii kuliko wote, na mtathmini wangu hakunipenda tangu siku ya kwanza."

Na hii ndiyo aya ninayomwomba mtu airudie mpaka itoke:

"Sehemu ya uongozi inasema darubini 4 za usiku zilipotea chini ya ulinzi wangu. Hati ya makabidhiano ya tarehe 6 Februari, Kiambatisho C, inaonyesha zilikuwa zimekabidhiwa kwa sajenti mwingine siku 19 kabla ya hesabu ya tarehe 25 Februari iliyogundua upungufu, Kiambatisho D. Naomba sentensi hiyo ifutwe."

Ya pili haina hasira hata chembe. Msomaji wake hakujui, hajawahi kufika kambini kwako, na ana mafaili mengine mezani. Ukiweka aya ya kwanza juu ya ya pili, unaiharibu ya pili.

Omba pia kitu kinacholingana na ushahidi. Mwenye ushahidi wa sentensi moja akiomba ripoti nzima ifutwe anajifanya aonekane hana kipimo. Unaweza kuomba ripoti yote iondolewe, na ikishindikana, sehemu fulani.

Nani anaamua?

Makosa ya kiutawala yanashughulikiwa na kamandi ya rasilimali watu ya jeshi, HRC, iliyoko Fort Knox, Kentucky. Ya maudhui yanaamuliwa na bodi iitwayo Army Special Review Board. Wenye hatari ya kuondolewa jeshini au waliopitwa na cheo hutangulizwa, kwa hiyo taja hali yako mapema kwenye barua. Uamuzi unaweza kuwa kukataa, kufuta sehemu, kurekebisha, au kuiondoa ripoti na kuacha maelezo kwamba kipindi hicho hakikutathminiwa.

Nilipitwa na cheo kwa sababu ya ripoti ile. Nikishinda narudishiwa?

Hairudi yenyewe. Ukishinda, kesi yako inaweza kupelekwa kwa bodi maalumu inayoangalia upya kama ungechaguliwa bila ripoti ile. Maofisa wana yao na NCO wana yao. Liombe hilo ndani ya rufaa, usingoje likumbukwe.

Wamekataa. Mlango umefungwa?

Ukipata ushahidi mpya, unaweza kurudi. Vinginevyo, au muda wa miaka 3 ukiwa umepita, kuna Bodi ya Kusahihisha Kumbukumbu za Kijeshi, ABCMR. Kabla ya sheria ya mwaka 1946, kusahihisha faili la askari kulihitaji Bunge la Marekani lipitishe sheria kwa ajili ya mtu mmoja. Wabunge walichoka, wakaruhusu bodi za raia zifanye kazi hiyo. Ndiyo maana wanaokaa ABCMR ni raia, watatu kwa kila kesi.

Unaomba kwa fomu DD 149, haina malipo. Hapa pia kuna miaka 3, ikihesabiwa tangu ulipogundua kosa, na bodi inaweza kuusamehe muda huo ikiona haki inadai hivyo. Lazima uwe umepita kwanza njia za chini zilizokuwa wazi kwako, ukiruka, watakurudisha. Sheria inataka sehemu kubwa ya maombi yamalizike ndani ya miezi 10 na yasizidi miezi 18, kwa hiyo usikae ukichungulia barua pepe kila asubuhi.

Baada ya bodi kuna mahakama ya shirikisho. Jaji hatakutathmini upya. Ataangalia kama bodi iliamua kiholela au kinyume cha sheria. Huko usiende bila wakili.

Niende kwa IG (mkaguzi mkuu wa jeshi), au nimwandikie mbunge?

IG atakuuliza kwanza kama umetumia rufaa, kwa sababu njia yake ipo. Isipokuwa jambo moja: kama ripoti mbaya ilikuwa kisasi baada ya wewe kutoa taarifa ya uovu kwa IG, kwa mbunge au kwa wakubwa wako. Hicho ni kitu kingine, kinalindwa na sheria ya 10 U.S.C. 1034, na hapo IG ndiye hasa. Usipitishe mwaka 1. Barua ya mbunge kwa kawaida inaishia kwenye meza ile ile ambayo rufaa yako ingefika.

Nahitaji wakili?

Anza na ofisi ya msaada wa kisheria ya kambi yako. Ni bure, na rufaa za tathmini ni kazi yao ya kawaida. Ukiamua kumlipa wakili wa nje, mkimbie anayekuahidi ushindi kabla hajasoma ripoti.

Mimi siko nchi kavu. Niko kikosi kingine.

Wazo ni lile lile, majina yanabadilika. Jeshi la Anga lina bodi yake ya rufaa za tathmini, ERAB. Wanamaji wa Marine wana PERB. Juu yao kuna bodi za kusahihisha kumbukumbu: Navy na Marine wanakwenda BCNR, Jeshi la Anga AFBCMR, na Walinzi wa Pwani wana bodi yao chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Fomu ya DD 149 ni moja kwa wote.

Nimeshatoka jeshini. Au: ndugu yangu yuko KDF.

Uliyetoka, mlango wa DD 149 uko wazi kwako, na kwa warithi wa askari aliyefariki. KDF haiguswi na chochote cha hapa. Ina sheria yake ya mwaka 2012 na ngazi zake za malalamiko. JWTZ vivyo hivyo.

Nimeshinda. Kazi imekwisha?

Bado. Ingia iPERMS, mfumo wa kompyuta unaotunza mafaili ya askari, wiki chache baada ya kupata barua ya uamuzi, ufungue faili la utendaji na usome kila ukurasa. Nimewahi kukuta ripoti iliyosahihishwa ikikaa jirani kabisa na ile ya zamani, zote mbili zikisomeka, na mwenyewe alikuwa ameshaita watu nyama choma ya kusherehekea. Nimekuta pia ripoti za mwenzetu zimewekwa kwenye jina la baba yake, kwa sababu majina yetu matatu yaliwachanganya. Ukiona hivyo, peleka S1 barua ya uamuzi na picha ya ukurasa wenyewe, na urudi uangalie tena kabla ya tarehe ya bodi ya vyeo inayofuata.